Debe la Ndege, Filimbi ya Watu

Ni Jumatano, Mei 17, 2023. Saa tatu asubuhi Minza Nkwabi yuko juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi ambacho mkulima hukaa kuamia ndege, yaani kuwafukuza, mpunga unapoiva. Mkono mmoja umeshika kamba za makopo. Mwingine una fimbo ya kupigia debe.

Ndege wenyewe, kweleakwelea, hawajatokea. Wanaotokea ni watu: trekta moja, pikipiki nne, mgambo wenye marungu na kijana wa ofisini mwenye buti ambazo bado hazijaonja tope. Tela la trekta limejaa vigingi vya zege.

Minza anapiga debe kuita msaada. Dungu la jirani linaitikia, la tatu linapokea, na muda si muda upande wote huu wa bonde, mwendo wa pikipiki kutoka kijiji cha Mofu, unalia bati. Lakini hakuna hata mtu mmoja anayekuja.

"Walijua ni ndege," anasema Minza leo. "Huku debe lina maana moja tu. Ukisikia mwenzako anapiga, na wewe unapiga, tena hubanduki. Ukishuka, wanatua kwako."

Kwa hiyo kila mkulima alibaki juu, akipigia debe ndege ambao hawakuwepo. Chini, nyumba ya shamba ya Minza ilivutwa kwa mnyororo ikalala. Mumewe, Shilinde, aliyeshika nguzo ya mlango na kukataa kuiachia, alipakiwa katikati ya mgambo wawili kwenye pikipiki, akapelekwa Ifakara kama mvamizi.

Mpaka mpya wa kijiji na hifadhi ya bonde ulikatwa siku hiyo. Kaya kumi na tisa zilijikuta upande usiotakiwa, na zote ni za Wasukuma. Mstari ulifika kwenye shamba la mwenyeji, ukakunja kona, ukaendelea mbele. Waliouchora wanasema unafuata maji. Labda. Ila maji ya kuchagua kabila hayajawahi kuonekana bonde hili, na masika huwa yanaingia kwa kila mtu bila hodi.

Minza ana miaka thelathini na minane. Aliletwa hapa akiwa na miaka sita. Baba yake aliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka kanda ya Ziwa, mama na watoto wakafuata kwa lori. Hajui njia ya kurudi huko wanakotaka arudi. Msimu wa kupandikiza ni kibarua kwenye mashamba ya watu, anainama maji yakiwa magotini, na ekari moja anaimaliza na wenzake wanne kwa siku mbili. Akimaliza ya watu ndipo anapanda yake: ekari tatu ambazo leo zina vigingi viwili katikati.

"Ukiniondoa hapo, nabaki na mgongo tu," anasema. "Na mgongo wenyewe umeshachoka."

Kesho yake baada ya kuvunjiwa, Minza hakwenda ofisini. Ofisini huwa wanakwambia uje Jumatatu, na Jumatatu mhusika anakuwa semina. Alikwenda kwenye dungu la jirani yake, Restuta, mama wa Kindamba, mwenyeji wa bonde hili, mwenye miaka sitini na kitu, ambaye debe lake ndilo lililoitikia kwanza.

Alimwamkia shikamoo. Restuta hakuitikia, aliangalia pembeni.

"Mama, nakuuliza tu," Minza alimwambia. "Wale ndege wa jana uliowaamia, walikuwa na mabawa mangapi?"

Restuta hajalisahau swali hilo. "Nilipiga lile debe mpaka kiganja kikavimba," anasema. "Kumbe nawapigia ngoma wanaomvunjia mwenzangu. Nikamwambia panda juu, tukae."

Hawakuwa marafiki kabla ya hapo. Ng'ombe wa kaka yake Minza waliwahi kuingia kwenye mpunga wa Restuta wakafyeka majaruba mawili, na kesi ile iliamuliwa kwa maneno makali kuliko fidia. Wenyeji wengi walipoviona vigingi baadaye walishusha pumzi. Mgambo waliwapitia wakawaambia wao ni wenyeji, wakae kwa amani. Wakubwa wanaijua dawa hiyo. Ukitaka kuchukua shamba la mmoja, mwambie jirani yake kwamba lake liko salama.

Hilo wanaloliita darasa la Minza lilianzia juu ya dungu lile. Jua likiwa kali mchana, ndege hupumzika mitini na mwamiaji hupata nafasi ya kushusha mikono. Minza alianza kutumia nafasi hiyo kupita dungu hadi dungu, kwa Wasukuma, Wandamba na Wapogoro, akiwa na swali moja la siku. Hafundishi. Anauliza, anasikiliza, kisha anabeba jibu la dungu hili kulipeleka kwenye lile, likabishiwe huko.

Alianza na maswali mepesi. Kwa nini mpunga huwa bei ya chini siku unapovunwa na kupanda ukishatoka mikononi mwao? Kibarua wa kupandikiza anapangiwa ujira na nani, na kwa nini yeye haulizwi? Siku moja aliuliza: mgeni ni nani? Kulichafuka.

"Wewe Msukuma, mgeni si wewe?" Restuta alimwambia mbele ya watu wanane. "Ng'ombe zenu zimekula mpunga wangu nikanyamaza?"

"Hukunyamaza, mama. Ulitutukana mpaka mababu zetu waliozikwa mbali wakasikia."

Watu walicheka, na Restuta naye akacheka, na mjadala ukaenda mpaka ndege walipoamka. Siku ile walikubaliana mambo mawili. Ng'ombe akila mpunga, mwenye ng'ombe analipa kabla ya jua kuzama, bila kuitwa. Na debe libaki kuwa la ndege. Kwa ajili ya watu wangenunua filimbi, zile za marefa wa mpira, moja kila dungu. Filimbi ikilia, unashuka, hata kama ndege wapo.

Kulisema hilo mchana wa jua ni rahisi. Kundi kubwa la kweleakwelea likitua kwenye shamba lisilo na mtu, kabla ya adhuhuri magunia mawili yameondoka. Kwa mkulima anayevuna magunia thelathini akidaiwa kumi na mawili, hayo mawili ndiyo sare za shule na dawa.

Gladness, msaidizi wa kisheria wa kujitolea anayekuja kutoka Ifakara kila anapopata nauli, aliwaeleza kwamba mpaka ule unatakiwa kuridhiwa na mkutano mkuu wa kijiji. Minza alilibeba hilo likawa swali lililozunguka madungu kwa misimu miwili: kwa nini kila mkutano wa ardhi unaitishwa wiki ya ndege?

Hakuna aliyekosa jibu. Aliyeupanga anajua wiki hiyo kijijini wanabaki wagonjwa na wenye maduka.

Mei mwaka huu tangazo lilibandikwa tena: mkutano mkuu, Alhamisi, saa nne asubuhi, kuthibitisha mipaka. Wiki ya ndege. Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo Minza hakulala. Kama mpaka ungethibitishwa, kaya kumi na tisa zingevuna mara ya mwisho.

Saa mbili asubuhi alisimama kwenye dungu lake na filimbi mdomoni, kundi la ndege likiwa tayari limeanza kuzunguka juu ya mto. Akapuliza. Hakuna filimbi iliyoitikia. Akapuliza tena. Madebe yalikuwa yanalia upande wa mashariki, na aliona watu wako juu, wamesimama, hawashuki.

"Nilisema basi, imekwisha," anasema. "Sikuwalaumu. Nani ashuke aache chakula cha wanawe kwa ajili ya mpaka usiomgusa?"

Ndipo filimbi ya pili ikalia kutoka kwa Restuta. Yule mama alishuka ngazi kinyumenyume, akafunga kanga kiunoni, na hakugeuka ndege walipotua nyuma yake. Waliomwona wanasema mpunga wake uligeuka rangi. Baada ya hapo filimbi zilifuatana.

Waliingia kwenye mkutano na matope miguuni, zaidi ya watu mia mbili. Mwenyekiti alitaka kuwatenga wale wa ng'ambo ya vigingi wakae pembeni wasipige kura. Restuta alikwenda kukaa nao hukohuko pembeni, na wenyeji wengine wakahamia, mpaka katikati pakabaki meza na wakubwa wake.

Mkutano haukuuridhia mpaka. Lakini haukufutwa. Afisa aliyekuja na ramani aliikunja, akasema suala linarudi kwenye mchakato. Mchakato hauna mlango wa kubisha hodi.

Jioni hiyo Restuta alikuta sehemu ya shamba lake imekuwa mabua. Alipoteza magunia matano. Wasukuma wale walichanga mpunga kila kaya, wakamletea bila maneno. "Nimeitikia shikamoo zote nilizokuwa nadaiwa," anasema akitabasamu kidogo.

Shilinde aliachiwa baada ya siku tisa, ila kesi yake haijafutwa. Siku hizi anaishi na kubeba mizigo huko Mkula. Hataki kulala mahali anapoviona vigingi. Minza anamtembelea kila anapopata nauli, na anasema mvua zikianza atapanda ekari zake tatu, akivizunguka vigingi kama mtu anavyozunguka kisiki. Anataka pia darasa lifike vitongoji viwili vya mbele, ambako trekta imeshaonekana ikipita.

Afisa aliahidi kurudi na jibu ndani ya mwezi mmoja. Mavuno yameisha, mabua yamechomwa, hajarudi. Jibu analodaiwa ni la swali ambalo Minza alimuuliza akiwa amesimama mbele ya meza, mwanawe wa mwisho akiwa mgongoni.

"Ndama wetu akizaliwa hapa, mnamvisha hereni sikioni siku mkipita, anakuwa wa hapa, mnapokea ushuru wake. Huyu Viktor kazaliwa mwezi mmoja na ndama, zizi na nyumba vikitazamana. Yeye ni wa wapi?"