Kioo Kipana cha Sebuleni Kwetu Kihonda

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Anayetaka sifa za kioo kipana kinachofanya kazi ya televisheni na ya kompyuta kwa pamoja, akamuulize muuza duka. Mimi nasema nilichokiona nikiwa kwenye kiti changu, na niliona mengi ya kuniudhi.

Televisheni yetu ya zamani ilikuwa ya chogo, ile yenye mgongo mrefu. Iliungua mwanzoni mwa mvua, ikatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Wakati huohuo binti yetu wa mwisho, ambaye ndiye tumebaki naye, alikuwa na shida yake. Anachora ramani za nyumba kwenye kompyuta, na bosi wake yuko Dar. Bosi alimwambia akipata kioo kikubwa cha kufanyia kazi abaki hukuhuku Morogoro, asipopata ahamie Dar akae ofisini. Basi binti akaja na wazo la kioo kimoja, mchana achoree yeye, jioni tutazame sisi. Mwenye duka mjini akampa ili akijaribu wiki moja, kisipofaa akirudishe.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Kioo kikifaa, mtoto anabaki. Kisipofaa, anapanda basi, tunabaki mimi na mama yake, na sisi wawili tumeshaambiana kila kitu zamani.

Nikaanza kukipima. Kwanza mahali pa kukiweka. Kabati letu alilitengeneza fundi mmoja wa Mafiga, mlevi lakini mkono wake ulikuwa mzuri, mbao za mninga tupu, akaacha nafasi inayotosha lile chogo. Kioo hiki kimekwenda pembeni kama ubao wa shule, na unene wake ni wa chapati. Kwenye nafasi hakiingii. Tukakiweka juu ya kabati. Mimi nikaona vizuri, lakini binti ikabidi achore amesimama. Tukakishusha mezani. Binti akachora vizuri, mimi nikawa natazama kisogo chake.

Halafu watu wenyewe. Msomaji wa taarifa ya habari, ambaye nimemzoea miaka mingi, alikuwa amenenepa ghafla, mashavu yamekwenda huku na huku. Binti akabonyeza rimoti, yule bwana akarudi umbo lake, ila kulia na kushoto pakabaki peusi. Mke wangu akauliza kwa nini tupewe kioo kizima halafu tutumie katikati tu, na mimi nilikuwa upande wake. Tukajibiwa kwamba king'amuzi chetu ni cha zamani. Wiki ile kila kilichoharibika kosa lilikuwa la kitu chetu cha zamani, kioo hakikosei. Na sauti yake inatokea mgongoni, kama mtu anayekusemesha kutoka jikoni huku ameinamia sufuria.

Lakini baya kuliko yote, kilikuwa kinazima. Kikishawaka kama saa moja kinafifia, kinakufa. Binti yuko katikati ya choo cha mtu, ukuta haujafungwa, giza. Hakuwa anagomba. Alikuwa ananyamaza, na mtoto huyu akinyamaza namwogopa. Katikati ya wiki nikamkuta anafua nguo zake zote kwa mpigo, nikaelewa.

Sasa anayetujua sisi Waluguru anajua kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba utalisha, utalipa ada, utakesha naye akiugua, lakini jambo likiwa kubwa anaitwa mjomba. Mke wangu akampigia simu kaka yake, anayelima kabichi na njegere huko mlimani, ashuke Jumamosi aje aseme kama mpwa wake aende Dar au asiende. Niliudhika, sifichi. Nimekipima kioo wiki nzima, halafu shauri aje kulikata mtu ambaye kwake mawingu yanaingia mpaka ndani.

Akaja na kiroba cha njegere, akaitikia shikamoo ya binti, akakaa kwenye kiti changu.

"Shemeji," akaniambia, "kioo kipana hivi bado huoni vizuri? Basi kibovu siyo kioo."

Nikamwambia asubiri kizime ndipo acheke, na kwamba kwao huko hata redio zinalowa.

Binti akamwonyesha nyumba aliyokuwa anaichora, vyumba, ngazi, veranda. Mjomba akauliza moto unawashwa wapi, kuni zinakaa wapi. Saa moja ikapita. Kila alipokuwa ananigeukia aniulize kinazima lini, namwambia bado kidogo. Saa ya pili ikaisha, kioo kinang'aa tu. Nikaonekana mwongo nyumbani kwangu.

Ndipo nikaona kwamba siku hiyo kilikuwa uchi. Mke wangu anafuma, na hakuna kitu nyumbani ambacho hajakivika kitambaa, makochi, jagi, mpaka mtungi wa gesi. Kioo hiki alikifumia cha nyuzi nene, akakikunja mara mbili kisiteleze. Kwa heshima ya kaka yake alikuwa amekifua kitambaa hicho, na wingu lilivyoshuka kutoka mlimani hakikukauka. Nikaenda nyuma, nikapitisha mkono juu. Kuna matundu, yanapuliza joto kama pua ya ng'ombe.

"Mama," nikasema polepole, "hiki kitu kinapumulia huku juu. Kitambaa kinakiziba."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemfukuza mtoto?"

Binti alitazama sakafu. Mjomba akakohoa.

"Dada, kitambaa nitaondoka nacho mimi. Nimeambiwa redio yangu inalowa." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe unabaki. Rudisha nguo zako kabatini."

Akabaki, na kioo kikabaki. Ila kumbe bosi wake anapenda kazi imfikie jioni, taarifa ya habari ikiwa ndiyo inaanza. Kwa hiyo nakaa kwenye kiti changu natazama nyumba ya mtu nisiyemjua ikijengwa mstari kwa mstari, bila sauti. Juzi nikamwambia mlango wa choo hauwezi kutazamana na meza ya chakula. Akasema mteja ndivyo anavyotaka. Nikasema basi mteja hajawahi kupata wageni. Akanung'unika, akabonyeza, mlango ukahamia upande wa pili.