Kipimo cha Ndani

Hili sijawahi kulisimulia mpaka mwisho, nikifika pale kwenye kamba huwa najifanya nimesikia chai inachemka nakimbilia jikoni, lakini leo mmenikalia kooni, basi nitalimaliza, na atakayecheka acheke tu.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya ufundi pale Mbinga, fani ya useremala, msichana peke yangu darasa zima. Baba mkubwa (ndiye msemaji wa ukoo tangu baba afariki) ile fani hakuitaka hata kuisikia, alisema mtoto wa kike na randa wapi na wapi, nihamishiwe ushonaji. Mama mbele ya shemeji yake huwa hainui macho, lakini kwa hilo aliyainua. Akamwambia, "Shemeji, naomba mwaka huu uishe, tuone mikono yake." Kwa hiyo mwaka ule nilikuwa naangaliwa mikono.

Ndipo bibi akafariki, mama yake baba, kijijini kwetu huku chini ziwani. Baba mkubwa akataka jeneza linunuliwe mjini limekamilika, mimi nikadakia (nani aliniuliza?) kwamba nitalitengeneza mwenyewe pale karakana. Mama akanishika mkono kwa furaha, maskini. Mwalimu wangu wa useremala, Mwalimu Ndunguru, akakubali, akasema atalipiga picha na kulihesabu kama kazi yangu ya mradi wa muhula, na mimi nikaona hapo nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja, bibi atazikwa kwenye jeneza la mjukuu wake na baba mkubwa atanyamaza.

Na jeneza, niseme ukweli wangu, lilikuwa zuri. Muhula ule tulisoma makasha tu, na kasha tulifundishwa kulichora kuanzia kile kitakacholala ndani, ndipo unaongeza unene wa mbao. Kwenye daftari langu ukurasa wa kushoto ulikuwa na vipimo vya ndani, wa kulia ulikuwa wa vipimo vya nje, na huo wa kulia nilikuwa sijaujaza kwa sababu nilishaona najua. Tena mwishoni nikaongeza mkanda wa urembo kuzunguka kitako chote, haukuwemo hata kwenye mchoro, niliupenda tu.

Ijumaa mchana napaka vanishi, mwalimu akaja na simu yake mkononi. "Baba yako mkubwa huyu, wachimba kaburi wanataka vipimo. Chukua futi kamba, pima kwa nje, umpe." Akaiacha simu mezani kwenye spika, akatoka. Futi kamba ilikuwa mwisho wa meza, hatua nne hivi, mikono yangu imejaa vanishi, na daftari lipo wazi hapo mbele ya pua yangu. Basi nikamsomea baba mkubwa ukurasa wa kushoto. Akarudia kila namba polepole, nadhani alikuwa anaandika, halafu akasema, "Ahsante, fundi." Hajawahi kuniita hivyo tena.

Jumamosi tukashuka na kirikuu, kile kigari cha mizigo, mpaka kijijini, watu wakalisifia jeneza, akina mama walipitisha viganja juu yake, mama akawa anatembea kifua mbele kama siku ya kipaimara changu. Padri akasoma, tukaimba, vijana wakashika kamba.

Sasa makaburi ya kwetu juu huwa mapana, halafu chini kuna kishimo cha kubana jeneza lenyewe, ndicho mwanandani, na wachimbaji walikikata sawasawa na namba zangu, wakaongeza vidole viwili kwa heshima. Jeneza likashuka vizuri, likafika pale, likakaa juu ya mwanandani kama kifuniko. Wakalitikisa. Wakaliinua upande wa miguu wajaribu kwa mshazari, na pale ndipo sote tuliokuwa karibu tukamsikia bibi akiteleza humo ndani na kichwa kikagonga ubao. Sauti ile ninayo mpaka leo, naisikia hata mtu akigonga mlango.

Likatolewa. Baba mkubwa akaomba futi kamba, akapima mwenyewe, akatoa karatasi mfukoni, akatazama, akanipa mimi karatasi. Wachimbaji wakarudi shimoni kutanua, na udongo wa ufukweni mnaujua, ukiukata hapa unaporomoka pale, wakitoa beleshi moja yanarudi mawili. Padri akafunga kitabu. Watani wetu (siku ya msiba hakuna wa kuwazuia) wakapata kazi, mmoja akalala chali pembeni ya kaburi huku anajipima kwa mashubiri, "Jamani nipimeni mimi kabisa, huyu fundi bado yuko sura ya kwanza ya kitabu." Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia wakacheka, na mimi nimesimama na karatasi yangu. Mvua ikaanza. Mama akavua kanga yake ya begani akalifunika jeneza, akabaki amelishikilia hivyo analowa, na muda wote ule hakunitazama.

Bibi alizikwa jioni, kwenye shimo lisilo na umbo.

Jumatatu baba mkubwa na mama walikuwa ofisini kwa mwalimu, fomu ya kunihamishia ushonaji iko mezani. Mwalimu alikuwa ameliwekea jeneza lenyewe alama nzuri, na kwenye vipimo ameweka sifuri, akaisukuma fomu mbele ya mama. "Wewe ndiye mzazi. Unasemaje?"

Mama akaisogeza fomu pembeni. Halafu akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Aendelee, mwalimu. Asiache, mikono anayo." Mimi nikataka nipige magoti. Akanigeukia, ndiyo mara ya kwanza ananitazama tangu makaburini, akasema, "Ila mimi, mwanangu, siku yangu ikifika, waambie wakaninunulie mjini."

Hakuwa na hasira. Aliomba tu, kama mtu anavyoomba maji.

Basi niliendelea, nikamaliza, leo nina karakana yangu na mnajua foleni ya wateja. Kila kazi napima mara mbili kwa nje, hata kigoda. Majeneza natengeneza ya watu wote wa hapa. Mama yuko hai, mzima, juzi alikuja akakaa pale mlangoni akanitazama nikipiga randa, na lile neno lake hajalifuta, wala mimi sijathubutu kumwuliza.