Tabora: Rubani aliizima ndege nzima tukiwa ndani. Mama akauliza, imepona au imenyamaza?

Wakuu, heshima kwenu.

Rubani aliizima ndege tukiwa ndani, mikanda tumefunga. Si injini peke yake. Taa zilikatika, hewa ya baridi ikakata, hata ule mvumo mdogo ambao huusikii mpaka ukome, ukakoma. Tukabaki na joto la mchana la Tabora.

Kisha akaiwasha upya, kama unavyofanya simu ikiganda.

Hili sikuhadithiwa, nilikuwemo. Chumvi sitaongeza. Jina la shirika sitalitaja, kwa hiyo msije PM kuuliza.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa nampeleka mama Dar kwa upasuaji wa jicho. Mama ni mkulima wa Ntalikwa, mimi naishi Ipuli, zote hapa hapa Tabora. Jicho la kushoto lilishapotea kwa presha ya macho. La kulia daktari alisema lisisubiri, akampa nafasi asubuhi ya siku inayofuata safari hii. Ukiikosa unaanza foleni upya, na jicho halikungoji.

Mabasi ya Dar yalikuwa yameondoka tangu alfajiri. Ilikuwa ndege hiyo au nafasi ipotee.

Mama hajawahi kupanda ndege. Amekaa siti ya katikati, mkoba mapajani, ndani yake chupa ya asali ya nyuki wadogo.

Mlango ulishafungwa. Rubani akatangaza kuwa kompyuta imeleta ujumbe wa hitilafu, wataizima ndege yote na kuiwasha, tutulie. Dada mmoja nyuma yetu akasema, "Kumbe kama king'amuzi." Watu wakacheka.

Mama hakucheka. Umeme uliporudi akaanza kuhangaika na mkanda.

"Nishushe."

"Mama, kesho asubuhi daktari..."

"Nimesikia. Nishushe. Bora nirudi kwangu kipofu kuliko nisirudi."

Nikaanza kumweleza mambo ya kompyuta, kwamba hata benki huzima na kuwasha. Akaniangalia kwa lile jicho moja. "Kwani wewe ndiye uliyeitengeneza?"



Sasa dirishani alikaa baba mmoja wa makamo, Mzaramo wa Kisarawe. Yeye na mama walishaanza kutaniana tangu tukiwa tunasubiri ndege. Kwa vijana wasiojua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani. Mtani anaweza kukwambia lolote na hukasiriki.

Akasema, bila hata kugeuka, "Mnyamwezi, wewe shuka tu. Nyie njia mnaijua kwa miguu. Siti yako nitaweka miguu yangu."

Mama akaacha mkanda. "Miguu hiyo ya Kizaramo, juu ya siti aliyonilipia mwanangu?"

"Na asali iache hapa. Ndiyo ushuru. Mpagazi hapiti kwetu bure."

"Wazee wangu walibeba mizigo ikafika. Nyie mlikaa kivulini mnasubiri kudai."

"Na bado tumekaa. Unashuka, hushuki?"

Mama akajifunga mkanda. "Sishuki. Ila huyo dereva aje aniambie mwenyewe."

Mhudumu alisita, kisha akaenda mbele. Sikutegemea, lakini rubani alikuja. Kijana, mdogo kuliko mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeizima, umeiwasha. Sasa niambie, imepona au imenyamaza?"

Wakuu, mimi nilitegemea aseme imepona. Alichuchumaa pale kwenye njia.

"Imenyamaza, mama."

Akaeleza. Kuna kompyuta inayokusanya taarifa za mwendo na kimo cha ndege. Ikikaa na umeme muda mrefu bila kuzimwa kabisa, huanza kuonyesha taarifa zilizopitwa na wakati kana kwamba ni za sasa hivi. Chuma hakina ubaya, kosa liko kwenye programu, na mtengenezaji analijua. Ameagiza ndege za aina hiyo zizimwe kila baada ya muda fulani, mpaka programu mpya iwekwe.

"Leo imetuonya tukiwa chini. Tumeizima, tumepima, inasoma sawasawa. Isingesoma sawa nisingeirusha. Na mimi nimo humu humu."

Nikamuuliza programu mpya inawekwa lini.

"Ningejua tarehe ningekwambia, kaka."

Mama akafikiri. "Haya, nenda kaendeshe."

Tukaruka. Wakati wa kupaa mama alishika mkono wa shati, si langu, la Mzaramo. Tulipofika Dar mkoba ulikuwa mwepesi. Ushuru ulishalipwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri, jicho linaona.

Nilichojifunza: nilidhani mtu mwenye hofu anatulizwa kwa kuambiwa hakuna tatizo. Mama alitulia alipoambiwa tatizo lipo, liko wapi, na limeshikwa vipi. Pili, kuzima na kuwasha si ujanja ujanja, ni hatua halali kabisa ya usalama. Lakini ni huduma ya kwanza, tiba ni ile programu mpya.

Ndiyo maana niliporudi Tabora nikawaandikia wenye ndege, swali moja tu: imeshawekwa? Wakajibu kwamba usalama wa abiria ndicho kipaumbele chao. Nikaandika tena, kwamba hilo nashukuru, ila programu imeshawekwa? Hapo kimya.

Kama humu kuna fundi wa ndege au rubani, karibu utufundishe, hata kunikosoa. Na wewe uliyewahi kuzimiwa ndege ukiwa ndani, tuambie ulibaki au ulishuka.

Mama anarudi Jumamosi. Tiketi ni ya safari ileile, ndege aina ileile. Jana kanipigia simu kutoka kwa dada yangu Dar, hakusalimia hata.

"Umewauliza?"

Nikamwambia nimeuliza.

"Wamesemaje?"

Wakuu, hilo mpaka sasa sijamjibu.