Mfua Shuka Aliyekataa Binti Yake Aitwe Mzito

Saa kumi na moja jioni, Mama Povu anavua viatu mlangoni na kujitupa mkekani kabla hata ya kunywa maji. Vidole vyake vimekunjamana kwa sabuni. Ameshinda akifua shuka za hospitali tangu alfajiri.

"Haya mwanangu, moyo umeshindaje leo?"

Binti yake wa miaka saba, ambaye nyumbani huitwa Kidoti, anapekua vipande vya maboksi ya sabuni vilivyoandikwa maneno kwa kalamu nene. Anachomoa kimoja na kukisoma polepole: "A-i-bu."

"Aibu ya nini tena?"

"Wamenicheka kiraka cha sketi."

"Unaisikia wapi?"

"Masikioni. Yanawaka moto."

"Hata mimi huwa ni masikioni," anasema mama, na wote wawili wanaangua kicheko. Kisha wanafungua kitabu.

Ukiwaona hivi, huwezi kuamini kwamba miezi mitano iliyopita shule ilitaka kumrudisha mtoto huyu darasa la awali. Ilileta barua ya mistari mitatu: ni mzito, ni mkaidi, hafundishiki.

"Hafundishiki!" Mama Povu analitoa neno hilo kama mtu anayetema mchanga. "Mtoto wa miaka saba! Nani kampima? Kampima lini?"

Darasa la Kidoti lina watoto tisini na wanne na vitabu kumi na kimoja. Anayeshindwa kusoma akiitwa husimamishwa ameelekea ukutani mpaka kengele ilie. Kidoti alisimama hapo siku tisa mfululizo. Nyumbani hakusema kitu, ila alianza kukojoa kitandani.

"Na mimi nikamgombeza," mama anasema, sauti ikimshuka. "Nilidhani ni utundu. Hilo sijajisamehe."

Aliyemfumbua macho ni muuguzi wa wodi ya watoto, aliyemkuta akilia kwenye kamba za kuanikia. Alimshauri amuulize mtoto anahisi nini kabla ya kumuuliza kafanya nini.

"Nikamwambia, dada yangu, mimi mwenyewe tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa."

Alianza na maneno matano, akayaandika kwenye vipande vya maboksi ya sabuni na kumsomea: furaha, hasira, woga, aibu, huzuni. Wiki ya kwanza mtoto alichagua woga kila siku, na ndipo habari za ukuta zikatoka. Wiki ya pili alikuwa akiyasoma yote. Yakafuata maandishi ya kwenye pakiti za chumvi, kisha vitabu vya kuazima kwa muuguzi.

Siku ya kuitwa shuleni, Mama Povu alimwomba mwenzake amshikie zamu. Mwalimu wa darasa hakumkaribisha kiti.

"Kwani mama, wewe mwenyewe umesoma?"

"Nimeishia darasa la nne, mwalimu. Lakini mwanangu namjua."

Mwalimu mkuu akamkabidhi Kidoti kitabu. Mtoto akaganda.

"Mnaona?" mwalimu akasema.

Mama Povu akachuchumaa mbele ya bintiye. "Unahisi nini, mama?"

"Woga. Na hasira."

"Viko wapi?"

"Tumboni."

"Basi vikae hapo hapo. Wewe soma."

Kidoti akasoma, akikwama na kujikwamua. Alimaliza ukurasa, akafunua wa pili, mpaka mwalimu mkuu akasema inatosha.

Mtoto alibaki darasani kwake na hasimamishwi tena. Lakini hakuna aliyeomba radhi, na watoto wa wazazi wengine bado wanaangalia ukuta.

"Wangu kapona, kwa hiyo ninyamaze?" anauliza Mama Povu, macho makavu. "Wale wengine hawana mama?"

Sasa kila Jumamosi mchana majirani wanane huja chumbani kwake na watoto wao. Wameandika barua kwa kamati ya shule, wakidai adhabu ya ukuta ikomeshwe. Wazazi watatu kati yao hawajui kuandika, na mmoja aliomba aweke dole gumba, yaishe.

Mama Povu alikataa katakata. Amewapa wiki tatu, mpaka mkutano wa wazazi, wajifunze kuandika majina yao wakiwa wameketi na wanao, kwenye maboksi yale yale.

"Walishazoea kutuona wajinga," anasema. "Safari hii watasoma majina yetu, moja baada ya jingine."