Poda Iliyobaki Chini ya Mbao za Meridian

Saa moja na nusu asubuhi, Desmond Openshaw amepiga magoti kwenye ghorofa ya juu ya jengo la zamani la ushirika mjini Harrowclough, kaskazini mwa Uingereza, akipenyeza mtaimbo kati ya mbao mbili. Ubao unalia, kisha unaachia. Kutoka kwenye ufa unapanda unga mweupe, laini, unaotua polepole juu ya nyusi zake. Anaunusa kabla ya kujifuta uso.

"Poda ya watoto," anasema. "Mpaka leo inanukia."

Desmond ni kibarua wa kubomoa majengo. Ana umri wa miaka sitini na tisa, umri ambao wenzake wengi wamestaafu na baadhi wamezikwa. Analipwa pauni kumi na tatu kwa saa. Kazi hii aliiomba mwenyewe, kwa sharti moja: mbao atakazozing'oa zikiwa nzima ziwe zake.

Hapo alipopiga magoti ndipo palipokuwa na klabu ya Meridian. Kuanzia mwaka 1972, kwa muda usiofika miaka mitatu, vijana wa viwanda vya nguo walipanda ngazi hizi kila Jumamosi na kuteremka Jumapili asubuhi. Pombe haikuuzwa, iliuzwa chai, soda na pai za nyama. Walicheza santuri za waimbaji weusi wa Marekani ambazo Marekani yenyewe ilikuwa imekwisha kuzisahau. Poda waliimwaga sakafuni ili soli za ngozi ziteleze.

Vitabu vya muziki huo vinausifu kwa kurasa nyingi ukumbi mkubwa wa mji wa jirani. Meridian haimo. Lawama si ya waandishi peke yao. Mpiga santuri wa klabu hiyo, marehemu Royston Pickup, alibandika karatasi juu ya jina la kila santuri nzuri na kuandika jina la kubuni, wapinzani wake wasije wakaitafuta. Kamera zilipigwa marufuku kwa sababu hiyohiyo, na pia kwa sababu ya vidonge vya kukesha, ambavyo, kwa maelezo ya kila aliyehojiwa, vilimezwa na watu wengine. Haikubaki hata picha moja. Waliobaki ni wanaodai kuwa walikuwamo, nao ni wengi kuliko ambao ghorofa hiyo ingeweza kuwabeba.

"Tulificha vizuri mno," anasema Desmond. "Mwisho tukajificha na sisi wenyewe."

Mbao alizitaka kwa ajili ya chumba cha nyuma cha klabu ya wafanyakazi, ambamo wachezaji wachache wa zamani hukutana Jumapili alasiri na kucheza juu ya zulia. Mmoja wao ni Maxine Birtwistle, mshonaji mstaafu mwenye goti la bandia.

"Kwenye zulia mguu unasema geuka, goti linasema tuite kwanza gari la wagonjwa," anasema Maxine. "Desi alituahidi sakafu yetu. Mimi nikamwambia, nikiiona nitaamini."

Hakuiona. Asubuhi hiyohiyo ya mtaimbo, msimamizi wa kazi, Janine Tattersall, anapanda ngazi na kusimama mlangoni.

"Desi, mzee wangu, hilo vumbi jeupe ni la nini? Plasta?"

Jibu la neno moja lingetosha. Desmond anainuka, anajikung'uta magoti.

"Plasta gani, mpenzi! Hii ni poda yetu. Ina miaka hamsini humu. Nyingine niliimwaga kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ya miaka ile ya sabini?"

"Ileile. Njoo unuse."

Janine hanusi. Anarudi nyuma na kuziba pua kwa kola ya koti.

"Weka mtaimbo chini. Shuka."

"Acha mambo yako, Janine. Ni poda ya watoto!"

"Ya nani najua. Nauliza ndani yake mna nini. Shuka, Desi, sikutanii."

Baadhi ya poda za zamani zilitokana na mawe yaliyochimbwa pamoja na asbesto, madini ambayo nyuzi zake huua mapafu taratibu. Kazi ikasimamishwa. Desmond akakaa nyumbani bila malipo. Majibu ya maabara yalipotoka, asbesto ilikuwamo. Kidogo, lakini cha kutosha.

Wakaja watu wenye mavazi meupe na vinyago. Wakazifunga mbao zote kwa plastiki, zikiwamo zile zilizokwisha kupangwa mlangoni, zenye jina la Desmond kwa chaki, wakazipeleka kufukiwa. Yeye na Maxine walitazama wakiwa ng'ambo ya barabara, nje ya duka la chipsi.

"Waone, kama wanakwenda mwezini," Maxine alisema. "Sisi tulivaa fulana."

"Na ulikuwa ukipiga kelele niongeze poda."

"Kwa sababu uliimwaga kama unayemnyunyizia kuku mtama." Kisha akasema, bila kumtazama: "Miaka yote hiyo, Desi, hakuna aliyefungua mdomo. Ukafungua wewe."

Zulia la chumba cha nyuma limekwisha kufunuliwa. Chini yake kuna saruji. Jumapili watacheza hapohapo, wale ambao magoti yanawaruhusu.

Wote wawili wameshauriwa wakapimwe kifua. Maxine amekataa, anasema habari mbaya hazihitaji kufuatwa. Desmond, ambaye amekuwa akikohoa tangu majira ya baridi na kuzilaumu sigara, atapigwa picha ya eksirei Alhamisi. Alipompigia simu muuguzi, alimuuliza kama poda huonekana pichani. Muuguzi akamwambia kwamba wakati mwingine huonekana madoa meupe, ila asianze kujitisha.

"Nikamwambia, sijitishi, mpenzi, nauliza kama nitapewa nakala," anasema Desmond. "Madoa yakiwapo, nitaitundika kwenye chumba chetu cha nyuma, juu ya santuri. Meridian haina picha nyingine."