Sarafu Iliyosuguliwa Asubuhi ya Uchaguzi

Wauza sarafu za kale hukutana kila mwezi katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya umeme. Meza ni za kukunja, na taa kila mtu huja na yake. Humo ndani, wazee kwa vijana humwita mwanamke mmoja Shangazi, ingawa hana udugu na hata mmoja wao. Jina lilimganda siku alipomzuia mnunuzi kijana aliyekwisha kutoa pochi. "Mwanangu, mimi kama shangazi yako nisingekuuzia hii," alimwambia, kisha akamwonyesha mkwaruzo ambao kijana hakuuona. Sarafu ilikuwa ya Shangazi mwenyewe.

Hivyo ndivyo anavyouza. Kila sarafu ina kadi, na kwenye kadi kasoro hutangulia bei. Mwanzoni wenzake walisema atakufa njaa. Hakufa, na siku hizi wanaotaka sarafu ya kumpa mkwe au bosi hupita meza zote wakaenda kwake, kwa sababu hawataki kuaibika.

Kwa hiyo mkaguzi wa chama chao alipong'atuka kwa uzee, Shangazi aliutaka ukaguzi, na hakuona haya kusema. Neno la mkaguzi ndilo linalokata ubishi: hii ni halisi, hii ni shaba iliyochovywa kwenye maji ya fedha, hii imesuguliwa. Ushindani ulikuwa kati yake na fundi saa, mtu makini mwenye ulimi mkali. Utaratibu ni kwamba kila mgombea hutaja mapema sarafu moja yake, huileta siku ya kura na kuieleza mbele ya watu. Asiyeileta amejitoa.

Shangazi alitaja sarafu yake ya fedha, pana, yenye kichwa cha mfalme na kovu refu karibu na sikio. Hakuwahi kuisafisha. Ilikuwa na utando wa kijivu uliokolea pembeni hadi karibu weusi, na kwa wajuzi utando huo ndio uliokuwa uzuri wake.

Asubuhi ya kura aliitoa kwenye kisanduku, akailaza juu ya leso mezani, akaenda kuoga.

Mumewe ni mpiga kiwi mlangoni mwa stesheni. Ni bingwa wa kazi yake. Kiatu kikitoka mikononi mwake unaweza kukitazama ukachana nywele. Nyumbani kwao hata kitasa cha choo kinametameta. Aliiona sarafu, akaona mke wake anakwenda kusimama mbele za watu na kitu cheusi kama sufuria ya maharage, akamwonea huruma. Shangazi alipotoka bafuni alimkuta anaipuliza, dawa ya meno bado kwenye kitambaa.

"Tazama, mama watoto! Utawapofusha leo."

Shangazi aliketi. Aliitazama sarafu, akamtazama mumewe; uso wa yule mzee uling'aa kuliko sarafu yenyewe.

"Baba watoto," alisema, "umenivua nguo sokoni."

Ukumbini, jirani yake wa meza, mama anayeuza stempu, aliiona akashika kichwa. "Uwii! Nani kakufanyia hivi?"

"Mapenzi."

"Sikiliza, kura ni alasiri. Chemsha yai, liponde, lifunge na sarafu kwenye mfuko. Harufu ya yai inaitia weusi upesi. Nani atajua?"

"Mkaguzi atajua," Shangazi alijibu.

"Mkaguzi hayupo!"

"Ndiyo maana ninaitaka kazi. Yai nitalila mwenyewe, sijapata chai."

Kisha alichukua kalamu, akachana kadi ya zamani na kuandika mpya. Zamu yake ilipofika, alisimama akaisoma kwa sauti, bila kutafuna maneno: "Fedha halisi. Ina kovu karibu na sikio. Imesuguliwa leo asubuhi."

Kicheko kilizuka. Mtu akauliza kama mgombea amekuja kuomba kura au pole. Fundi saa hakucheka. Alisogea, akainama juu ya leso, akatikisa kichwa.

"Imesuguliwa? Dada, usitufanye watoto. Mng'ao huu umetandazwa kila mahali. Hiyo imechovywa. Chini yake kuna shaba, na umeuziwa bila kujua."

Kusuguliwa ni hasara. Lakini mgombea ukaguzi kuishi miaka yote na shaba iliyovishwa fedha, asijue, huo ni mwisho wake.

Shangazi hakupandisha sauti. "Vuta kiti, kaka. Taa hii, lenzi hii. Usiniamini mimi, tazama mwenyewe. Umeona mistari midogo?"

"Naiona. Yote inakwenda upande mmoja."

"Ni mkono wa mtu. Sasa ingia pembe za herufi, pale zinapokutana na uso wa sarafu. Kuna nini?"

Fundi saa alisogeza lenzi. "Weusi."

"Na ndani ya kovu?"

"Weusi," alisema, polepole zaidi.

"Sarafu ikichovywa, maji yale hayachagui, huingia kila ufa, na kovu la zamani lingeng'aa mpaka chini. Kitambaa ndicho kinachochagua. Hupita juu, kikaacha mashimo. Kama bado una shaka, mizani ile pale."

Fundi saa aliipima, kwa kuwa ni mtu wa kupima. Ilikuwa na uzito wa fedha. Aliirudisha juu ya leso kwa adabu, akageukia watu.

"Imesuguliwa," alisema. "Nilikosea. Na aliyesugua ana mkono, jamani."

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mpiga kiwi aliyejificha tangu asubuhi alinyoosha shingo kama jogoo.

Kura zilipohesabiwa, Shangazi alikuwa mkaguzi. Mumewe alimfikia kwa kujipenyeza, kofia mkononi.

"Kwa hiyo niliiharibu?"

"Uliiharibu. Haitarudi ilivyokuwa, wala mimi na wewe hatutaishi kuiona ikizeeka tena."

"Na bado wamekuchagua?"

"Wamenichagua," alisema Shangazi, na safari hii hakuweza kuficha tabasamu.

Vijana wawili walikuwa wamekwisha kufika mezani wakibishana, mmoja ameshika sarafu ya rangi ya dhahabu. Mkaguzi mpya akavuta taa karibu, akafuta lenzi kwa upindo wa gauni. Mpiga kiwi naye akainama aone.

"Leteni," alisema Shangazi. "Na wewe, baba watoto, mikono mfukoni."

Akaitia mfukoni yote miwili.