Mpunga wa Chumbi, Mwaka Aliochukuliwa Mjomba

Juzi nilipita sokoni Kibiti, nikanusa harufu ya pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ungali wa moto. Nikasimama pale pale kama mtu aliyeitwa. Mwenzangu, harufu ile ilinirudisha Chumbi, enzi za Mwingereza, vita vilipokuwa vimewazoa karibu wanaume wote wa kwetu.

Sisi tulikuwa watu wa milimani. Bibi, mama yake mama, alishuka na wenzake kutoka Umatumbi kufuata mpunga, na wenyeji wakawapa mashamba ya bondeni kabisa, maji yanakoanza kufika. Baba alikuwa jeshini, nchi gani hatukujua. Dukani kwa Mhindi nguo hazikuonekana. Mama na bibi walipokezana kaniki moja ya kutokea. Tarishi wa jumbe akitokeza njiani na kaptura yake ya kaki, michi yote ilinyamaza. Hakuna aliyejua anakwenda nyumba ipi.

Mwaka huo mto ulifurika mpunga ukiwa ndiyo kwanza umeiva. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwanamume pekee tuliyebaki naye, na ndiye aliyeumudu mtumbwi. Asubuhi ile nilikaa mtumbwini nikipokea masuke. Mama na bibi walisimama majini hadi kiunoni, wakikata kwa visu. Viboko walikoroma kwenye matete. Ndipo tarishi akafika ukingoni.

"Jumbe anakutaka," alimwambia mjomba. "Lori la jeshi linaondoka leo."

Mama akaanza kulia. Bibi hakulia, alimgeukia tarishi.

"Mwanangu, ukimchukua sasa, nani atatutoa humu? Na tutakula nini?"

"Mama, mimi natumwa tu."

"Najua. Basi shuka utusaidie. Tukimaliza, mchukue."

Tarishi alitazama jua, akautazama mto, akavua shati. Wakakata pamoja. Kila kiboko alipokoroma, sote tuligeuka. Maji yalizidi kupanda, nami moyoni nikiomba mpunga usiishe.

Haukuisha. Shamba lilikuwa limebaki nusu bibi aliposema, "Inatosha."

Mjomba alitufikisha nchi kavu, akanishusha kwa mikono yake, akaondoka na tarishi. Bibi akamshukuru yule tarishi! Nilimkasirikia kwa miaka mingi. Vita viliisha, baba akarudi, mjomba hakurudi, wala habari yake haikuja.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza bibi kwa nini hakuendelea kukata hadi lori liondoke bila mwanawe.

"Mtumbwi ulikuwa umeanza kuingiza maji," alisema, "na wewe ulikuwa ndani."

Sasa bibi hayupo, mama hayupo. Mto umehama, umelimeza shamba lile. Wajukuu zangu hawajui hata salamu ya Kimatumbi, na nikijaribu kuikumbuka sura ya mjomba, sina tena wa kumwuliza kama nimeipata.